Mkalimani Niliyemtafuta

Kazi niliyopewa ilikuwa kumtafuta mtu anayeweza kusikiliza Kiitaliano na kukisema kwa Kislovakia, tena si Kiitaliano cha mikataba wala cha dukani, bali cha mashairi na maigizo. Nilikuwa na mkataba wa miezi sita katika kituo kidogo cha sanaa mjini Shinyanga, nyumba ya vyumba vinne yenye ukumbi wa bati kwa nyuma. Kabla ya hapo nilifundisha Kiswahili sekondari mpaka nilipochoka kusahihisha insha za watoto ambao hawakutaka kuziandika. Mkurugenzi wa kituo aliniajiri kwa sababu, alisema, mtu wa lugha huwa anajuana na watu wa lugha. Sikubisha. Nilihitaji kazi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, wakati wa mashamba ya kijiji, Mwitaliano mmoja kijana alikuja upande wa Masumbwe kusaidia kuchimba visima. Alikuwa na redio ya kurekodia. Siku za mapumziko alitembea mashambani akirekodi nyimbo za wanawake wakilima kwa pamoja. Aliporudi kwao akaandika kitabu, nyimbo zetu kwa Kiitaliano. Yeye ameshafariki. Kitabu na kanda zake viko mikononi mwa binti yake, mama wa makamo. Mwongozaji mmoja wa tamthilia huko Slovakia alisikia habari za kitabu hicho akataka kutengeneza onyesho. Wakakubaliana wakutane Shinyanga kwa siku nne, wapitie nyimbo moja moja, kila mmoja kwa lugha yake. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia choo.

Mkalimani wao wa kutoka huko alivunjika mguu wiki mbili kabla ya safari. Mkurugenzi akaniita ofisini.

"Mwalimu, kwenye andiko la mradi tulisema wakalimani watapatikana."

"Tuliandika wa Kisukuma na Kiswahili."

"Tuliandika wakalimani. Tafuta."

Nikatafuta. Kumbe zipo tovuti za wakalimani wa kujitegemea, unachagua lugha ya kutoka, lugha ya kwenda, na fani. Nikachagua: Kiitaliano, Kislovakia, sanaa na fasihi. Zikaja sura za watu wanaotabasamu, nyuma yao rafu za vitabu. Niliwaandikia wote. Wawili hawakujibu. Mmoja alisema anafanya harusi tu siku hizi. Mmoja aliuliza kama Shinyanga iko karibu na fukwe za Zanzibar, nilipomweleza ukweli akanitakia kila la heri. Nikashauri tumtumie mtu kwa mtandao. Mkurugenzi akakataa, umeme wetu anaujua.

Katika siku hizo za kutafuta nilikuja nyumbani na nyimbo tatu kwenye simu, zimetolewa kwenye zile kanda. Mama yangu alikuwa akiishi na mimi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza: redio, majirani, mimi. Nilikuwa jikoni, wimbo wa pili unacheza mezani, nikasikia ameacha kuchambua mchele.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Nani, mayu?" Mayu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

"Anayeanzisha. Hiyo ni sauti yangu. Zima."

Nikazima. Nilifurahi, tena nilifurahi kwa jinsi mfanyakazi anavyofurahi. Kesho yake nikamwambia mkurugenzi kwamba mwimbaji wa kwenye kanda yu hai, anakula ugali nyumbani kwangu. Mkurugenzi alipiga meza kwa furaha. Akasema mama aje siku zote nne, akae mbele, na siku ya mwisho awaimbie wageni. Mama nilipomweleza aliuliza atavaa nini. Sikumuuliza kwa nini alitaka nizime.

Mtu wa Kiitaliano nilimpata Bulyanhulu. Dereva wa bodaboda alinitajia mnunuzi mmoja wa dhahabu mwenyeji wa Zanzibar, aliyekuwa akiuza picha za kuchora kwa watalii wa Kiitaliano ufukweni mpaka watalii walipoacha kuja wakati wa ugonjwa ule. Nilimkuta kwenye kibanda chake, mizani ya kupimia dhahabu mbele yake, kofia ya kiua kichwani.

"Kiitaliano nakijua, bibie," alisema. "Nimekisema miaka kumi. Nimegombana kwa Kiitaliano, nimeposa kwa Kiitaliano, nimekataliwa kwa Kiitaliano. Ila hicho chengine ulichokitaja, hicho sikijui hata harufu."

Wa Kislovakia alikuwa Kagongwa. Huyu nilielekezwa na mwalimu mwenzangu wa zamani. Mzee mmoja aliyesomea jiolojia ya madini kule, enzi nchi ile haijagawanyika, akaajiriwa serikalini, akastaafu, sasa ana mashine ya kukoboa mpunga. Nilimkuta kajaa pumba mpaka kwenye nyusi. Nilipomwamkia na kumtajia lugha, alizima mashine. Wateja wakalalamika. Hakuwajali.

"Binti yangu, nina miaka zaidi ya thelathini sijamjibu mtu kwa lugha hiyo," alisema. "Lakini ninahesabia. Mpaka leo nikihesabu magunia, kichwani nahesabu kwa Kislovakia."

"Mashairi je, mzee?"

"Mashairi tulilazimishwa kukariri. Kiitaliano ndiyo sijui."

Nikakaa kwenye gunia la mtu nikafikiri. Mmoja atoe Kiitaliano alete Kiswahili, mwingine apokee Kiswahili apeleke Kislovakia. Ingechukua muda mara mbili, lakini ingefika. Mkurugenzi alikunja uso, kisha akakubali kwa sababu wageni walikuwa wameshapanda ndege.

Siku ya kwanza ilienda vizuri kuliko nilivyotegemea. Yule mama wa Kiitaliano aliketi upande mmoja na kitabu cha baba yake kilichofungwa kwa kitambaa. Mwongozaji aliketi upande wa pili, mwanamume mrefu, mikono haitulii. Katikati Mzanzibari na mzee wa Kagongwa, bega kwa bega, mzee kavaa suti ya rangi ya kahawia ambayo mabega yake yalionyesha ilishonwa zamani sana. Mama yangu mbele, kitenge kipya, mikono mapajani.

Mzee alipofungua mdomo kwa mara ya kwanza, mwongozaji alicheka mpaka akajishika kifua. Mzee akatugeukia.

"Anasema naongea kama babu yake," akatafsiri, naye akacheka. Nilimwona amekuwa kijana kwa dakika moja.

Walipitia nyimbo nne. Mzanzibari alikwama mahali pengi. Kuna neno moja alilifasiri "mapenzi ya hotelini" mpaka mzee akamuuliza kama ana uhakika. Lakini Kiswahili kilikuwa kinapita katikati ya ukumbi ule, kwa sauti, na mama alikuwa anakisikia. Sikuliwaza hilo siku ile. Nilimwona tu akigeuza kichwa, mara kwa yule, mara kwa huyu.

Siku ya pili asubuhi wakafika kwenye ule wimbo. Kwanza walicheza kanda. Sauti ya msichana ikajaa ukumbini, wanawake wakiitikia, majembe yakitua kwa pamoja. Mama alitazama sakafu. Kisha binti wa Mwitaliano akafungua kitabu akasoma, taratibu, kwa sauti nzuri. Mzanzibari akaleta:

"Anasema huu ni wimbo wa kuiita mvua. Wa furaha. Wanawake wanaitania mvua, wanaiambia: Mvua, ngoja kidogo, sijaifunika mbegu. Mvua, ngoja kidogo, mikono yangu ina udongo. Kisha wanacheka, wanakimbia."

Mzee akavuta pumzi apeleke kwa Kislovakia. Mama akainua mkono kama mwanafunzi.

"Sijaifunika nini?" aliuliza.

Mzanzibari akaangalia kitabu alichokuwa hawezi kukisoma. "Mbegu, mama. Mbegu ya shambani."

"Hakuna mbegu humo. Mimi sikusema sijaifunika. Nilisema sijamfunika." Aliirudia kwa Kisukuma, halafu tena kwa Kiswahili, akiikanyaga ile silabi. "Sijamfunika. Mtu."

Nilimsogelea nikamshika bega. "Mayu, mtu gani?"

Hakunijibu mimi. Aliwajibu wale wawili wa katikati, kwa sababu wao ndio walikuwa wamekaa kama watu wa kusikiliza.

"Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Alikuwa amefikisha mwaka, anaanza kusimama. Alishikwa na homa. Siku hiyo ilikuwa ya shamba la kijiji, na asiyefika alifuatwa na mgambo. Nikamwacha kwa mama mkwe, nikaenda kulima. Mchana wakaja kuniita. Tukamzika jioni ileile, wingu limeshika. Mvua ikashuka shimo halijajaa. Nikawa natia udongo kwa mikono, maji yanautoa. Ndiyo nilisema, mbula, ngoja kidogo, sijamfunika. Nilisema, sikuimba. Kuimba kulikuja baadaye, msimu mwingine, tuko shambani, neno lile likatoka lenyewe. Wenzangu wakaitikia. Wote walikuwepo siku ile, walijua."

Nina miaka arobaini na saba. Nimekua nikiambiwa mimi ndiye kifungua mimba. Nilisimama pale, kalamu ya kituo mkononi, nikisikia kwamba nilikuwa na kaka, na habari ile ikiwa njiani kwenda Kislovakia.

Mzee alivua miwani. Kisha akaanza kuongea na mwongozaji polepole, akirudia baadhi ya maneno, akionyesha kwa mikono shimo, udongo, maji. Aliponigeukia alisema, "Kwa lugha yao kuna shida. Kaneno ka kumtaja mtoto wa kiume na kaneno ka kuitaja mbegu ni kalekale. Ukisema sijamfunika na sijaifunika, wao wanasikia kitu kimoja. Imebidi niseme mtoto kabisa. Nimesema mtoto mara tatu."

Upande wa pili Mzanzibari alikuwa anamweleza binti wa Mwitaliano. Yeye hakuwa na suti wala mashairi, lakini aliyasema yale kwa upole ambao sikuutegemea kwa mtu niliyemkuta akiwapunja wachimbaji bei. Yule mama akaanza kulia. Akasema maneno mengi, akiweka kiganja juu ya kitabu.

"Anasema," Mzanzibari akatuambia, "babake aliwapenda sana watu wa hapa. Alikuwa akisikiliza kanda hii kila mwaka mvua za kwao zikianza. Asingeweza kuandika uongo."

"Mwambie sijasema hakutupenda," mama akasema. "Namkumbuka. Alikuwa na miguu myembamba, alisimama ukingoni mwa shamba na kile kidude chake. Alimuuliza katekista wimbo unasema nini. Katekista alikuwa na haraka, akasema mvua. Mimi nilikuwa hapo na jembe. Hakuniuliza."

Ilitafsiriwa. Mwongozaji alisikiliza mpaka mwisho, akauma kidole. Kisha akauliza kitu. Mzee akasita kukileta.

"Anauliza kama mama anaweza kuuimba sasa hivi. Kwanza kwa huzuni, halafu kwa furaha. Wapime tofauti."

Mama aliuliza, "Wapime nini?"

Mzee hakulirudia. Alimwambia mwongozaji neno moja, nadhani lilikuwa hapana, na mkurugenzi wetu akasimama haraka akatangaza chai.

Wakati wa chai mkurugenzi alinivuta kando, nyuma ya jenereta.

"Mwalimu, mama yako ametuvuruga. Hawa watu wana onyesho limeshapangwa. Kuna watu wanashona nguo huko. Kuna sehemu nzima ya mvua, na miavuli ya rangi."

"Lakini ndivyo wimbo ulivyo."

"Sikatai. Ila hatukuja kufanya msiba. Na hii tafsiri ya kupokezana inaruhusu kila mtu kudakia. Yule wa Zanzibar anaongea Kiitaliano cha ufukweni, mgeni mwenyewe amelalamika. Tafuta mkalimani wa kweli, hata kwa mtandao. Umeme nitausimamia mimi."

Ningeweza kukataa. Mara nyingi nimejitetea moyoni kwamba mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, kwamba mama alihitaji kufanyiwa upasuaji wa macho, kwamba kazi ni kazi. Yote ni kweli. Lakini kuna kingine. Nilijiambia kwamba mkalimani mzuri atayafikisha vizuri zaidi maneno ya mama, na huku najijibu mwenyewe kwamba mkalimani wa Kiitaliano na Kislovakia hana Kiswahili, kwa hiyo hataweza kufikisha neno lolote la mama. Hilo nililijua. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Nikaenda kwenye kompyuta.

Mchana uleule akapatikana. Mwanamke, mkalimani wa fasihi, anaishi mpakani mwa Italia kule kaskazini, ratiba yake ilikuwa imefunguka ghafla. Aliandika barua safi, yenye heshima, akiomba atumiwe maandishi mapema ili ajiandae. Nilimtumia kurasa za kitabu. Nikaongeza maelezo yangu kwa Kiingereza kuhusu ule wimbo: mtoto, kaburi, mvua. Alinishukuru, akasema ni ya kusikitisha. Akasema pia kwamba kwa maadili ya kazi yao, mkalimani husema kinachosemwa na waliopo kwenye mazungumzo, hawezi kuongeza asichokisikia. Kama wageni wenyewe watalitaja jambo hilo, atalifikisha kikamilifu. Hakukosea hata nukta moja.

Siku ya tatu tuliweka spika kubwa mezani, na kompyuta. Mzanzibari nilikuwa nimempigia simu kumweleza asije. Akasema, "Hewala bibie, mie nirudi kwa wachimbaji wangu. Msalimie mama." Mzee wa Kagongwa sikumpigia. Nilishika simu mara mbili. Nikasema nitampigia nikimaliza kuunganisha waya, kisha nikasema nitampigia nikishawapokea wageni. Saa mbili na nusu akaingia ukumbini na ile suti, viatu vimepigwa rangi, akakuta kiti chake hakipo. Mahali pake pana spika.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, binti yangu." Aliitazama spika, akanitazama mimi. "Aha. Mmepata."

"Samahani mzee. Nilitaka kukupigia."

"Usijali. Nitakaa nisikilize."

Akavuta kiti akakaa karibu na mama yangu.

Sauti ya yule mwanamke ilipotoka ilikuwa nzuri, laini, haitetereki. Binti wa Mwitaliano alikuwa hajamaliza sentensi, Kislovakia kimeshaanza. Mwongozaji aliegemea kiti, mikono yake ikatulia kwa mara ya kwanza. Walikwenda haraka, walichekeana, waliandika. Ilikuwa kazi nzuri. Nilijivunia, niseme ukweli, kwa muda wa nusu saa hivi. Nimewahi kusoma kwamba ukalimani mzuri hausikiki. Huo haukusikika kabisa. Kwetu sisi wenye ukumbi lilikuwa bomba lililofukiwa, maji yanapita chini hatuyaoni.

Mama alinivuta kitenge. "Wanasemaje?"

"Sijui, mayu."

Hapo mzee akaanza kumnong'oneza. Yeye alikuwa anakipata kile cha upande mmoja, Kislovakia, akawa anakileta kwa mama sentensi baada ya sentensi, kichwa amekiinamisha. Nilisogea nikasikia.

"Sasa wamefika kwenye wimbo wako. Huyu mrefu anasema habari ya jana ilimgusa, hakulala vizuri. Huyo mama naye amejibu. Anasema kitabu cha baba yake kibaki kama kilivyo, kwa heshima yake. Mrefu anasema sawa, sehemu ya mvua inabaki. Anasema habari yako inaweza kuandikwa kwenye kijitabu cha watazamaji, kama... ngoja... kama simulizi nyingine inayosimuliwa."

"Simulizi nyingine," mama akasema.

"Ndivyo anavyosema."

Mkurugenzi alikuja akinyata, akainama kwa adabu. "Mzee wangu, samahani sana. Kipaza sauti kinachukua minong'ono. Yule mkalimani wa kule anasema anapata shida kusikia."

Mzee alimtazama kwa muda. Alikuwa mtu aliyewahi kuwa na ofisi na gari la serikali. Alisimama akafunga kifungo cha koti, akampa mama mkono.

"Mama, twende nje tunywe soda. Hapa tunasumbua."

Wakatoka, mama akimshikilia mkono kwa sababu ya macho. Mimi nilibaki kuangalia kama mtandao haukatiki.

Siku ya nne mama hakuja. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani na nguo za nyumbani, nikamwambia gari linasubiri. Alisema waambie ninaumwa. Nilimwambia huumwi. Alisema, "Basi waambie siumwi." Mkurugenzi alileta vijana wa kikundi cha ngoma wakauiga wimbo kutoka kwenye kanda, kwa shangwe, wakirusha majembe juu na kuyadaka. Wageni walipiga makofi. Mwongozaji alirekodi kwa simu.

Jioni nilikaa na mama tukichambua dagaa. Nilitoa simu nikamwambia, mayu, naomba uniimbie wimbo ule mimi, niuweke vizuri, na maneno yake sahihi, nitaandika mwenyewe.

"Umechelewa," alisema.

"Nisamehe."

"Yule Mwitaliano alikuwa mgeni, alikuwa hajui lugha. Wewe umelala nyumba moja na mimi miaka mingapi? Umesikia sauti yangu kwenye simu yako, nikakwambia zima. Ukazima. Ukaenda kazini."

Nikairudisha simu mfukoni.

Mkataba wangu uliongezwa. Nilitia saini, na upasuaji wa jicho la kulia ukafanyika, mama akaanza kuona tena uso wangu. Baada ya miezi kadhaa kijitabu cha onyesho kilifika kwa barua pepe pamoja na picha. Nilikichapisha nikaenda nacho Kagongwa kwa mzee, kwa sababu hakuna mwingine wa kunisomea. Alifuta mikono kwenye suruali, akavaa miwani, akasoma akiwa amesimama mlangoni mwa mashine.

"Wimbo wa kuita mvua," alisoma. "Wa jadi. Mtunzi hajulikani." Akapindua. "Huku nyuma wanashukuru. Kituo chenu. Mkurugenzi. Mkalimani, jina lake hili hapa. Yule marehemu. Binti yake. Halafu wamesema, na bibi mmoja wa kijijini kwa simulizi zake za kuvutia."

"Sisi hatujaandikwa? Wewe na yule wa Zanzibar?"

"Sisi hatumo." Alikikunja vizuri akanirudishia. "Kislovakia chao kimebadilika. Kuna maneno mawili hapa siyajui."

Kwenye picha watu weupe walikuwa wanakimbia chini ya miavuli ya njano na myekundu, midomo wazi. Sikumwonyesha mama. Aliniuliza mara moja kama wale watu walifanya shughuli yao, nikasema sijasikia.

Mwaka uliofuata, baada ya jicho la pili kupona, alisema anataka kwenda kukaa Kagongwa kwa mdogo wangu, kelele za mjini zimemchosha. Hatukugombana. Nilimfungia mizigo, nikamsindikiza. Huenda kwa mashine ya mzee kukoboa mpunga, wanakaa wanazungumza, naambiwa. Nami nikienda kumsalimia, kila mwisho wa mwezi, tunaongea habari za mvua, bei ya mchele, na dawa zake za macho.

Mwezi uliopita nilikuwa uani naosha vyombo na mke wa mdogo wangu. Katika maongezi akalitaja jina la mtu nisiyemjua, akalitaja kwa kawaida tu, kama mtu wa nyumbani. Nikauliza ni nani huyo.

Akashangaa, sufuria mkononi. "Si kaka yenu? Yule wa kwanza. Mama hutusimulia habari zake." Alinitazama usoni, akashusha sauti. "Mimi nilidhani wifi unajua."

Nikasema ninajua, ni jina tu lilikuwa limenitoka. Tukamaliza vyombo.